Baruti ya mtumba ya jeshi: mambo ya kujua kabla hujapakia risasi ya kwanza

Mkuu uliyeuliza kutoka Texas, nimekusoma. Una dumu la ratili 8 lililoandikwa WC-844, una mkebe wa bati wa zamani ulioandikwa 4831, una bunduki ya kaliba .223 yenye mtutu wa inchi 16 na nyingine ya kaliba .30-06 ya bolti. Unataka kupakia risasi mwenyewe, yaani kujaza upya maganda matupu nyumbani: za bei nafuu za shabaha, na nyingine za nguruwe pori na kulungu. WC-844 ni baruti nzuri kwa .223. Hiyo 4831 usiiguse kwanza, tutaifikia.

Kabla ya yote, karatasi zako. Sheria ya shirikisho ya Marekani haidai leseni ukipakia risasi za kutumia mwenyewe. Ukianza kuziuza ni biashara, hapo unahitaji leseni ya mtengenezaji. Ila kama uko hapa kwa viza ya muda (ya masomo, ya kazi, ya matembezi), hata kuwa na risasi moja mfukoni ni kosa, isipokuwa uwe na msamaha, mfano leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Mwenye kadi ya kijani hana shida hiyo. Na mnaosoma mkiwa Kenya au Tanzania, msijaribu: kutengeneza risasi bila kibali huko ni kesi ya jinai.

Sasa baruti. Kosa linalopasua bunduki za watu ni kudhani namba ya jeshi inakuambia baruti inaungua kwa kasi gani. WC-844 ni ndugu wa H335 ya dukani, ni baruti ile ile ya vipunje mviringo iliyotengenezwa kwa ajili ya risasi za bunduki ya kijeshi ya M16. Tofauti ni kwamba ya dukani huchanganywa loti kwa loti (loti ni mkupuo mmoja wa kiwandani) hadi ifanane na ile iliyouzwa miaka iliyopita, ndiyo maana kitabu cha vipimo kinaweza kukuandikia greni (kipimo kidogo cha uzito) kamili ukakiamini. Ya jeshi haifanyiwi hivyo. Kiwanda cha risasi hupokea loti, huipima kwa mtutu wa majaribio wenye kipima presha, kisha hurekebisha uzito wa baruti hadi kasi na presha zikae panapotakiwa. Loti moja ikiwa kali hupunguziwa, ikiwa pole huongezewa. Wewe nyumbani huna huo mtutu. Kwa hiyo kila dumu lenye namba mpya ya loti lichukulie kama baruti usiyoijua, na usimimine mabaki ya dumu la zamani kwenye jipya.

Uliza pia kama ni baruti mpya iliyobaki, au imetolewa kwenye risasi zilizofumuliwa. Ya kufumuliwa ni ya bei rahisi zaidi, lakini mara nyingine huja na vipande vyeusi vya lami iliyoziba shingo za maganda, na inaweza kuwa mchanganyiko wa loti kadhaa. Ipitishe kwenye chujio, kisha tikisa dumu taratibu ili mchanganyiko uwe sawa juu hadi chini.

Tathmini ya uzima ni pua na macho. Fungua kifuniko mahali penye hewa. Baruti nzima inanukia kama spiriti au etha. Inayokufa inanuka kali, ya kuchoma pua kama asidi, na ndani ya mkebe utakuta vumbi la rangi ya kutu au kutu yenyewe kwenye bati. Ukiona hata moshi mwekundu wa kahawia, umechelewa, itoe nje ya nyumba leo hii. Sababu ni hii: nitroselulosi huoza polepole na kutoa gesi za nitrojeni zenye asidi, na asidi hiyo huharakisha kuoza. Kiwandani huweka kemikali ya kuituliza inayomeza gesi hizo. Kemikali ikiisha, baruti inajipasha moto yenyewe. Kule Camp Minden, Louisiana, kampuni iliyokuwa ikifumua silaha za jeshi ililipukiwa na ghala Oktoba 2012. Lilikuwa na zaidi ya ratili 120,000 za baruti. Baadaye wakaguzi walikuta mamilioni ya ratili za baruti ya mizinga zimehifadhiwa vibaya, na wakazi wa mji jirani wa Doyline wakahamishwa kwa muda. Dumu lako si ghala, lakini kemia ni ile ile.

Iliyoharibika haiuzwi wala haigawiwi. Itandaze nje, mbali na nyumba na majani makavu, kidogo kidogo, kina kisizidi inchi 1, uiwashe kwa utambi mrefu. Ukiwa na nyingi, piga simu zimamoto waichukue.

Hapo ndipo 4831 yako inapoingia. Bruce Hodgdon wa Kansas alianza biashara baada ya Vita Kuu ya Pili kwa kununua baruti ya ziada ya serikali, kwanza 4895, kisha 4831 iliyokuwa ya mizinga ya milimita 20. Wawindaji wa .270 na .30-06 waliipenda sana. Kama mkebe wako ni wa enzi hizo, una umri wa babu yako, kwa hiyo pua kwanza. Halafu kuna mtego wa pili: H4831 (H ni ya Hodgdon) na IMR 4831 (chapa nyingine) si kitu kimoja. IMR inaungua haraka zaidi, na ukitia greni za H kwenye IMR unapandisha presha kupita kiasi. Mkebe ulioandikwa namba tu bila herufi uanze kwa kipimo cha chini cha IMR 4831. Mimi kwa maoni yangu, baruti isiyo na lebo ya uhakika ni mbolea ya majani, na bustani haijalalamika.

Turudi kwenye .223. Maganda ya jeshi yana ukingo uliobinywa kuzunguka fataki, yaani kile kikombe kidogo cha kitakoni kinachopigwa na pini. Uondoe ukingo huo kwa kifaa chake, la sivyo fataki mpya itaingia imepinda au kupondeka. Paka ganda mafuta ya maganda kidogo sana kabla ya kulipitisha kwenye dai (kalibu ya chuma inayolirudisha ganda kwenye umbo lake): ukiyazidisha unapata vibonyeo kwenye bega la ganda, ukiyanyima ganda linakwama ndani ya dai na siku yako imeisha. Pima urefu baada ya kulipitisha, si kabla, kwa sababu dai hulivuta. Kikomo cha .223 ni inchi 1.760, punguza hadi 1.750. Kwa .30-06 ni 2.494, punguza hadi 2.484. Shingo ndefu kupita kiasi hubanwa na mwisho wa chemba (nafasi ya risasi mwanzoni mwa mtutu), kichwa cha risasi kikakosa nafasi ya kuachiwa, na presha ikaruka bila wewe kuongeza hata punje moja ya baruti. Watu wengi hulaumu baruti kwa kosa hili.

Kwa bunduki inayojipakia yenyewe tumia fataki zenye kikombe kigumu za aina ya kijeshi, maana pini yake inaelea na hugusa fataki kila bolti inapofunga. Ukibadilisha aina ya fataki, rudi mwanzo wa vipimo.

Vipimo vyenyewe: chukua kitabu cha vipimo, tafuta H335 na kichwa cha risasi cha uzito ule ule, soma kipimo cha juu, toa asilimia 10. Kitabu kikisema 25.0, unaanza 22.5. Pakia risasi tano kwa kila hatua, ukipanda greni 0.3 (kwa .30-06 panda 0.5). Urefu wa risasi nzima usizidi inchi 2.260 ili iingie kwenye magazini. Baruti ya vipunje hutiririka vizuri sana kwenye kipimio (kifaa kinachomimina baruti kwa ujazo), ikitofautiana kwa takriban greni 0.1, ila pima kwa mizani kila risasi ya kumi. Kabla ya kusimika vichwa, panga maganda yote kwenye kibao na uyamulike kwa tochi, baruti iwe usawa mmoja. Kwenye .223 kosa la kumimina mara mbili litamwagika ulione. Kwenye ganda kubwa la .30-06 lenye kipimo kidogo cha baruti ya haraka, halimwagiki.

Kwenye uwanja wa shabaha, kronografu (kifaa cha kupima kasi ya risasi) ndiyo hakimu. Kasi haipatikani bila presha: ukifikia kasi ya juu ya kitabu, simama hapo hapo hata kama greni zako ziko chini ya za kitabu. Ila angalia mtutu uliotumika kitabuni, mara nyingi ni inchi 24. Wako wa inchi 16 utapoteza takriban futi 20 hadi 30 kwa sekunde kwa kila inchi iliyopungua, yaani futi 200 hivi. Anayefukuza kasi ya mtutu wa 24 kwa mtutu wa 16 anajaza baruti isiyotakiwa. Na ukifika greni za juu za kitabu huku kasi ikiwa pungufu, usipite.

Dalili za kwenye ganda (fataki iliyolala bapa, alama ya kung'aa kitakoni, bolti nzito kufungua, tundu la fataki lililolegea) ziheshimu, ila zinakuja zimechelewa. Kikomo cha .223 kwa viwango vya SAAMI (chama cha watengenezaji wa bunduki na risasi Marekani) ni presha ya psi 55,000, yaani ratili kwa inchi ya mraba. Bolti inapoanza kugoma ulishapita hapo.

Joto nalo. Baruti hizi za vipunje hupanda presha kukiwa na jua kali. Kipimo cha juu ulichokipata Januari kinaweza kuzidi Agosti, hasa risasi zikikaa kwenye dashibodi ya gari. Pangia kipimo chako siku ya joto, au kaa greni 0.5 chini.

Kwa shabaha nyepesi ya .30-06 usipunguze baruti ya polepole kama 4831 kupita kipimo cha chini cha kitabu. Kipimo kidogo cha baruti ya polepole kwenye ganda kubwa huwaka ovyo, na kimewahi kupasua bunduki. Hodgdon wanaruhusu H4895 yao ya dukani kushushwa hadi asilimia 60 ya kipimo cha juu. Ruhusa hiyo ni ya chupa yao, si ya 4895 ya mtumba.

Uwindaji: vichwa vya kijeshi vilivyofunikwa shaba yote usivitumie kwa mnyama. Vinatoboa tu, na majimbo kadhaa yamevipiga marufuku. Nunua vichwa vya kupanuka, na ukibadilisha kichwa anza tena kutoka chini. Colorado hawakubali chini ya kaliba .24 kwa kulungu, kwa hiyo ukisafiri soma sheria za huko. Na kwa risasi za kuwindia mimi ningetumia baruti ya dukani tu. Unapiga chache kwa mwaka, akiba yake haifiki bei ya chai. Mtumba uuachie shabaha, risasi mia mia.

Kuhifadhi: hadi ratili 20 ndani ya nyumba kwenye vyombo vyake vya asili, na kuanzia hapo hadi 50 kwenye kabati la mbao lenye kuta za unene wa inchi 1. Si sanduku la chuma lililofungwa kubana, moto ukifika linageuka bomu. Usiache baruti kwenye kipimio usiku kucha: nitrogliserini yake hula plastiki, na asubuhi hukumbuki ni ipi. Andika kwenye kila boksi namba ya loti, greni, fataki, kichwa na tarehe. Ukituma namba ya loti iliyoko kwenye dumu lako na matokeo ya kronografu ya hatua tatu za kwanza, tutakuambia kama uendelee kupanda.