Kabla Hujawaongoza Wageni: Nilichojifunza Katika Kijiji cha Hautvillers

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa binti mmoja wa Dodoma, ambaye babu yake analima zabibu, akitaka kujua afanye nini ili aweze kupokea wageni shambani na kuwasimulia historia ya mahali pale. "Kaka, wewe umefanikiwa huko Ufaransa, nieleze ulivyoanza," aliandika. Nimeona nimjibu hadharani, kwa kuwa najua wengi wenu mna ndoto hiyohiyo, na kwa kuwa jibu lenyewe linaanzia kwenye aibu ambayo mpaka leo haijanitoka.

Nilipokuwa mwanafunzi mjini Reims, kampuni moja ya utalii ilinipa kazi ya kuongoza wageni hadi Hautvillers, kijiji chenye wakazi wasiofika elfu moja, kilichokaa kwenye mteremko wa mizabibu unaotazama bonde la mto Marne, ng'ambo ya mji wa Épernay. Juu ya milango ya nyumba nyingi hutundikwa mabango ya chuma kilichofuliwa, yanayoonyesha kwa picha kazi ya mwenye nyumba, iwe ni kuoka mikate au kukamua zabibu. Siku yangu ya tatu niliwasimamisha wageni kumi na wawili kanisani, mbele ya bamba jeusi la kaburi la mtawa Dom Pierre Pérignon, nikawaambia kwa kujiamini kwamba huyu ndiye aliyevumbua mvinyo wa champagne wenye mapovu. Mkulima mmoja mzee aliyekuwa ameketi nyuma akainuka, akasema kwa upole, "Hapana, kijana. Mapovu ndiyo aliyokuwa akipambana nayo." Wageni walilalamika, na wiki ileile kampuni ikaniambia nisirudi, ingawa maneno yale nilikuwa nimeyasoma kwenye karatasi niliyopewa na wao wenyewe. Hilo bado linaniuma.

Nilirudi kijijini peke yangu, nikamtafuta yule mzee. Alinieleza, na baadaye nikathibitisha vitabuni, kwamba abasia ya pale, yaani nyumba ya watawa, ilianzishwa katika karne ya 7 na ikawa ya Wabenediktini, shirika ambalo wengi wetu tunalijua kupitia Peramiho na Ndanda. Dom Pérignon alikabidhiwa ghala la mvinyo la abasia hiyo mwaka 1668, akalisimamia mpaka alipofariki mwaka 1715. Katika nchi ile yenye baridi kali, mvinyo huacha kuchachuka wakati wa kipupwe kabla sukari haijaisha, kisha joto likirejea hamira huamka tena, na chupa dhaifu za enzi zile zilipasuka. Kwa mtunza ghala hiyo ilikuwa hasara tupu. Ustadi wake ulikuwa katika kuchanganya zabibu za mashamba mbalimbali, na katika kukamua kwa uangalifu hata zabibu nyeusi zikatoa maji meupe. Tena mwaka 1662, kabla hajafika kwenye ghala hilo, Mwingereza Christopher Merret alikwisha kueleza jinsi sukari inavyotiwa kwenye mvinyo ili utoe mapovu. Hadithi ya uvumbuzi ilipata nguvu mwaka 1821, pale Dom Grossard, mtawa wa zamani wa abasia hiyo iliyofungwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, alipoandika barua ya kumtukuza Dom Pérignon.

Septemba iliyofuata mzee alinichukua kuvuna. Huko zabibu zote za champagne huvunwa kwa mkono, kishada kizima kizima, kwa sababu zikipasuka njiani rangi ya ganda huingia kwenye maji yake; na sheria inaruhusu kilo 4,000 zitoe lita 2,550 tu. Niliinama siku nzima juu ya udongo wa chaki, na mgongo ukanifundisha yale ambayo karatasi ya kampuni haikuyataja hata kidogo. Mwaka 2015 UNESCO ilipoiingiza miteremko ya Hautvillers kwenye orodha ya urithi wa dunia, iliiorodhesha pamoja na maghala ya chini ya ardhi na nyumba za wafanyabiashara, kwa maana kwamba kinachoenziwa ni kazi nzima, tangu shambani hadi sokoni.

Leo naongoza wageni wangu mwenyewe, na nasema kwa fahari kwamba mzee yule hunikaribisha nao kwenye shinikizo lake la kukamulia zabibu. Kwa hiyo, mdogo wangu, usisimulie jambo ambalo hujaliuliza kwa wenyeji. Waulize, halafu uwaulize tena. Usikubali kubeba hadithi ya kuuzia bidhaa ukaiita historia, kwa maana anayedanganya wageni kuhusu kijiji huwanyang'anya wanakijiji jasho la wazee wao.

Wewe una bahati ambayo mimi sikuwa nayo, kwa kuwa mzee wa kumwuliza ni babu yako, na Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka wakati Hautvillers huvuna mara moja. Usichapishe kipeperushi chochote kwanza. Subiri msimu wa kupogoa mizabibu, umfuate babu asubuhi na daftari mkononi, umwulize miche ya kwanza aliipata wapi, alilipa shilingi ngapi, na ni nani aliyemfundisha kushika mkasi.