Wadogo zangu, sdb si jina la diski

Wiki iliyopita simu iliita saa mbili kasoro usiku, kutoka Masasi. "Shikamoo kaka. Seva imegoma kuwaka." Nikamwambia apige picha ya skrini anitumie WhatsApp. Ikaja picha yenye ukungu, imepigwa kwa mkono wenye wasiwasi, lakini haikuhitaji kusomwa yote. Seva, ya Linux, ilikuwa hali ya dharura, inadai nywila ya root, yaani ya msimamizi mkuu.

"Leo umegusa nini?"

"Nimeongeza diski ya skani tu, kaka."

"Kwenye fstab umeiandikaje?"

Kimya. Nasikia feni ya seva kwa nyuma. Halafu, kwa sauti ndogo: "Sdb1."

Fstab ni faili linaloiambia seva diski ipi iende folda ipi inapowaka, na sdb1 ni kigawanyo cha kwanza cha diski inayoitwa sdb. Flashi aliyokuja nayo ilikuwa bado imechomekwa. Seva ilipowashwa upya, flashi ikawahi, ikawa sdb, na diski mpya ikasogezwa ikawa sdc. Mfumo ukaenda kumaunti sdb1, yaani kuiunganisha na folda yake, kama ext4, mfumo wa faili wa Linux, ukakuta FAT ya flashi, ukasimama hapo hapo. Kutoka Mtwara mjini hadi Masasi ni karibu kilomita 200, na kwenye hali ya dharura hakuna SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali. Tulimaliza kwa simu, mstari kwa mstari, hadi saa nne usiku.

Huyu ni wa tatu tangu msimu wa korosho uanze. Nawapenda wote watatu, ni vijana wanaojituma, lakini nimechoka kulisema jambo hili kwa simu usiku. Naliandika leo mara moja. Fstab mnaijua, lsblk ya kuorodhesha diski mnaijua, kwa hiyo sianzi na alifu.

1. Herufi ya diski ni zamu kwenye foleni.

Nenda kijiwe chochote cha boda hapa mjini, umpe mzigo boda wa pili kwenye foleni, halafu kesho yake urudi umtafute "yule wa pili". Utamkuta mtu mwingine, naye hatakuwa na kosa lolote. Mwenye mzigo wake huchukua namba ya pikipiki.

Kerneli, kiini cha Linux, inagawa sda, sdb na sdc kwa mpangilio wa kuzigundua diski, na siku hizi madereva ya vifaa hupakiwa kwa pamoja. Diski ya USB inaweza kuitikia mapema, kadi ya kuongeza milango ya diski (SATA) ikachelewa nusu sekunde. Hakuna ahadi popote kwamba mpangilio wa leo utakuwa wa kesho. Ubaya ni kwamba mara nyingi unakuwa uleule, siku mia mbili mfululizo, mpaka mtu anauamini. Zamani za IDE, aina ya zamani ya waya wa diski, jina lilifuata mahali: hda ilikuwa diski kuu ya waya wa kwanza, ukihamisha waya ndipo jina linabadilika. Fedora 7, toleo moja la Linux, ilipotoka mwaka 2007, diski hizo hizo za IDE zikaanza kuitwa sd, na waliokuwa wameandika hda kwenye fstab wakaamka na mashine zisizozikuta diski zao. Suala hili si geni, basi. Lina umri wa baadhi yenu.

2. Kosa linalopiga kelele lina nafuu. La kwangu lilinyamaza.

Hili nitalieleza lote, kwa sababu sijawahi kuwaeleza lote.

Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu kazini. Chama kimoja cha msingi kilinipa kazi ya kuweka seva ndogo ghalani, ya kuingizia mizigo ya korosho inayopimwa. Diski tatu. Ya mfumo ilikuwa sda. Ya data ilikuwa sdb, nimeifunga kwenye kadi ya kuongeza kwa sababu bodi ilibaki na mlango mmoja tu mzima. Ya bekapu ilikuwa sdc, ya USB. Nikaandika `/dev/sdb1` iende `/data`, na `/dev/sdc1` iende `/bekapu`. Zote ext4. Nikaweka kroni, kazi inayojiendesha kwa ratiba, ya saa nane usiku: `rsync -a --delete` kutoka `/data/` kwenda `/bekapu/`, yaani nakili, na futa kule kila kisichopo huku. Nikaijaribu, ikakubali. Ikafanya kazi wiki tano bila hata onyo moja.

Siku yenyewe ilikuwa ya foleni. Magari yalipanga nje tangu alfajiri, vumbi la magunia limetanda mpaka kwenye kibodi. Karani alikuwa mama mmoja mtu mzima, mwenye mwandiko mzuri kuliko wetu sote. Aliingiza mizigo tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Saa moja usiku umeme ukakatika. UPS ilikuwa imechoka, seva ikazima. Umeme ukarudi saa tatu, seva ikajiwasha yenyewe. Nilipita pale kuhakikisha, nikaona skrini inaomba login, nikamuaga mlinzi nikaenda kula.

Usiku ule USB iliwahi kuliko kadi. Bekapu ikawa sdb, data ikawa sdc. Fstab ikazimaunti zote mbili bila kulalamika, kwani zote ni ext4 na ndani zina folda zenye majina yaleyale. Kwa hiyo kuanzia saa tatu mpaka saa nane, kazi yote ya mama yule ilikuwa bado nzima, imekaa ndani ya `/bekapu`. Muda wa saa tano mzima. `df -h` moja tu, ya kuona ukubwa wa diski, ingeonyesha, maana diski ya USB ilikuwa ya terabaiti moja na ya data nusu yake. Saa nane kroni ikafanya nilichoiagiza. Ikachukua nakala ya alfajiri iliyopita, ikaimwaga juu ya data halisi, na kila faili lililozidi ikalifuta.

Asubuhi mama akafungua, hakuna mzigo hata mmoja wa jana. Na hapa ndipo panaponiuma hadi leo. Nilimwambia, mbele ya wenzake wawili na mpima mizani, "Mama, nadhani hukuhifadhi."

Aliniangalia, hakubisha. Akavuta droo, akatoa vitabu vya kopi za kaboni, akavipanga mezani kimoja kimoja. Ncha za vidole vyake zilikuwa bado na wino wa buluu. "Mwanangu," akasema, "nilichokiandika nimekiandika."

Ilinichukua saa mbili kuujua ukweli. Nilijaribu zana za kuokoa mafaili mchana kutwa na usiku wake, nikapata vipande vya skani, kanzidata haikurudi. Tukaingiza upya kwa siku tatu kutoka kwenye kopi zile. Mama akisoma, mimi nikichapa: namba ya mkulima, magunia, kilo, daraja. Kila ukurasa alilowesha kidole kwanza, na alikuwa akisoma kilo mara mbili, ya pili polepole. Malipo ya siku ile yakangoja hizo siku tatu. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuja kila asubuhi, anaegemeza baiskeli ukutani, anakaa kwenye benchi la nje, anauliza mara moja tu kama tayari. Ilikuwa ada ya mjukuu.

Siku ya pili niliwaita walewale waliokuwepo, nikamwomba mama radhi mbele yao. Akanijibu, "Haya, sasa soma wewe, mimi nichape. Macho yamechoka."

Hakuna diski iliyoharibika siku ile. Hakuna programu iliyokosea. Mimi niliandika zamu mahali pa jina.

3. UUID hunakiliwa, haiandikwi kwa mkono.

Turudi Masasi. Asubuhi iliyofuata kijana akafanya nilichomwambia, akatoa UUID, ile namba ya pikipiki ya diski, isiyobadilika na zamu, kwa `blkid`. Akaiandika kwenye karatasi, akahamia kwenye fstab akaichapa herufi kwa herufi. Ni herufi na tarakimu 32 na vistari vinne. Seva ikakaa sekunde 90 ikiisubiri diski, halafu hali ya dharura tena. Safari hii picha ilikuwa safi, nikavuta karibu: katikati ya namba kulikuwa na "o". UUID haina o, ndugu zangu. Namba zake ni za msingi wa kumi na sita, herufi zinaishia f. Ile ilikuwa sifuri.

Tumieni `blkid -s UUID -o value`, mkitaja na kigawanyo chenyewe, muielekeze moja kwa moja mwishoni mwa fstab kwa `>>`, alama mbili, kisha mfungue mhariri mpange mstari. Alama moja itafuta fstab yote. Na nakilini fstab pembeni kabla hamjaigusa.

4. Kagua kabla hujazima.

`findmnt --verify`, halafu `systemctl daemon-reload`, halafu `mount -a`. Zinaikagua fstab na kuijaribu bila kuzima seva. Nusu dakika. Ikipiga kelele hapo, bado una SSH na bado una chai mezani.

Diski isiyo ya lazima kwa kuwaka, kama ya bekapu au ya skani, iwekee `nofail` na `x-systemd.device-timeout=10`, seva isikwame kwa ajili yake. Lakini `nofail` ina deni lake. Diski isipokuwepo, folda `/bekapu` bado ipo, tupu, juu ya diski ya mfumo, na rsync itamwaga humo mpaka diski ijae. Skripti ianze kwa kuuliza `findmnt -no UUID /bekapu` na kulinganisha na UUID inayoijua, isipolingana, itoke. Folda tupu yenyewe ifungeni isiandikwe kitu, kwa `chattr +i`, kabla ya kumaunti. Haya mawili niliyaweka wiki ileile, mama yule akiwa bado anachapa.

Mkishakwama kwenye hali ya dharura na fstab haikubali kuandikwa: `mount -o remount,rw /`, weka alama ya reli mbele ya mstari wenye shida, washa upya. Hili lishikeni kichwani, maana mtalihitaji mahali mtandao haushiki.

5. Diski iliyonakiliwa ina pacha.

UUID inakaa ndani ya mfumo wa faili wenyewe. Ukinakili diski nzima kwa `dd`, umenakili na jina. Chomeka zote mbili, mfumo utachukua mojawapo, na huna uhakika ipi. XFS, mfumo mwingine wa faili, angalau inakataa waziwazi kumaunti ya pili. Ext4 haitakuambia kitu. Mpe pacha jina jipya akiwa hajamauntiwa: `tune2fs -U random` kwa ext4, `xfs_admin -U generate` kwa XFS. Mnaopenda LABEL, jina unaloipa diski mwenyewe, sawa, inasomeka vizuri, ila msiziite zote "data". Nimekuta ghala moja lina diski nne zinazoitwa data. Ext4 inakupa herufi 16, XFS 12. Andika mahali na kazi yake.

6. Swapu na GRUB.

Ukipiga `mkswap` upya, UUID ya swapu, nafasi ya diski inayosaidia RAM, imebadilika, na kwenye Debian na Ubuntu initramfs, mfumo mdogo unaotangulia kuwaka, itabaki ikiisubiri ya zamani kila inapowaka. Rekebisha faili la `resume`, kisha `update-initramfs -u`. Kwenye GRUB, programu inayoiwasha Linux, `root=UUID=` inasomwa na initramfs. Kerneli peke yake haiijui UUID ya mfumo wa faili, inajua PARTUUID, namba ya kigawanyo cha diski. Ukijenga mashine isiyo na initramfs, kumbuka hilo.

7. Bandikeni stika.

UUID haiwezi kukuambia diski ipi uichomoe kwa mkono. `ls -l /dev/disk/by-id` inaonyesha modeli na namba ya seria, ileile iliyochapwa kwenye mgongo wa diski. Andika tarakimu nne za mwisho kwenye stika, ibandike mbele, mahali inaposomeka bila kufungua kitu. Tahadhari na vile viboksi rahisi vya USB: vingine hutoa seria ya kiboksi, na vya aina moja vinaweza kuwa na seria moja. Hapo usiamini, fungua uangalie.

Na kabla hujaondoka eneo la kazi, chomeka flashi, hata mbili, halafu washa seva upya ukiwa umesimama mbele yake. Usiridhike na login. Ingia, piga `lsblk -f`, angalia kila diski imekaa wapi.

Yule wa Masasi jana amenitumia picha ya tatu, imetulia. Flashi mbili zimechomekwa mbele ya seva, stika nyeupe iko pembeni. Diski ya skani safari hii imekuwa sdd, na iko `/skani`, mahali pake.