Kabla sampuli haijapanda ndege

Mwezi wa kwanza wa mradi wetu wa kutafuta plastiki ndogo katika Ziwa Victoria tulishangilia bure. Karibu kila karatasi ya kuchujia tuliyoiweka chini ya darubini ilikuwa na nyuzi nyekundu, nyembamba, zilizojikunja kama nywele. Tukapiga picha, tukawatumia wenzetu wa Ulaya. Wakajibu kwa swali moja tu: sampuli tupu zenu zinasemaje? Hatukuwa nazo. Tulipozifanya, yaani kuchukua maji yaliyokwisha kuchujwa na kuyapitisha hatua zote kana kwamba ni ya ziwani, tukakuta nyuzi zilezile. Zilitoka kifuani kwangu. Chini ya koti la maabara nilikuwa navaa jezi ya timu yangu, poliesta tupu. Timu siitaji; rangi imeshaitaja.

Nakusimulia wewe uliyepata nafasi ya kufanya kazi nasi juzi kwa sababu barua ya kukukaribisha haikusema hayo. Ilisema teknolojia rafiki kwa mazingira, nchi kadhaa washirika, na plastiki ndogo kuliko milimita 5. Kazi yenyewe inaanzia kwenye nguo zako. Vaa pamba. Koti nalo liwe la pamba, la rangi usiyoitarajia ziwani, ili uzi wake ukidondoka uutambue. Tumia vyombo vya kioo na chuma, funika kila kitu kwa foili, zima feni hata kama Mwanza jua linawaka. Na kila siku ya kazi, sampuli tupu ziende bega kwa bega na zile za kweli.

Neno "plastiki" usilitamke mapema. Mwaka 2016 watafiti wa Tanzania na Denmark walichapisha ushahidi wa kwanza wa plastiki ndogo katika samaki wa Ziwa Victoria. Walinunua sangara 20 na sato 20 hapa hapa Mwanza, wakapasua matumbo. Kwa macho, sangara 11 na sato 7 walionekana kuwa na plastiki. Vipande vilipopimwa kwa mashine ya infraredi, inayotambua kitu kimetengenezwa kwa nini, waliothibitika walibaki asilimia 20 kwa kila aina. Mimi na jezi yangu tungetangaza 11.

Chumvi nayo ina hila zake. Ili kutenganisha plastiki na mchanga, unatumia maji ya chumvi mazito ili plastiki ielee. Chumvi ya mezani ni rahisi na haimdhuru mtu, lakini maji yake yakishiba yanafika gramu 1.2 kwa mililita tu. Vipande vya mfuko wa nailoni na ndoo vitaelea. Vya chupa za maji, ambavyo ni gramu 1.38 hivi, vitabaki chini na mchanga, nawe utaandika kwamba ufukwe wako hauna chupa! Zinki kloraidi inavielesha vyote viwili, ila ni ghali na ni sumu. Usiimwage kwenye sinki. Yoyote utakayoichagua, iandike kwenye ripoti. Andika pia ukubwa wa matundu ya wavu. Wavu wa mikroni 300 (mikroni elfu moja ni milimita moja) unaokokotwa nyuma ya boti hauwezi kulinganishwa na chujio la mikroni 20, na nimehudhuria vikao vya saa mbili ambamo nchi mbili zilibishana nani ana ziwa chafu zaidi kumbe kila mmoja alihesabu kitu chake. Mkataba wa dunia kuhusu plastiki, ulioagizwa Nairobi mwezi Machi 2022, mpaka kikao cha Geneva cha Agosti 2025 ulikuwa haujapatikana. Kukubaliana tundu la chujio hakuhitaji mabalozi.

Sasa ushirikiano wenyewe. Sisi tumelelewa kutomkatalia mgeni usoni. Kikaoni ukisema "tutaangalia", wewe umekataa kwa adabu. Mwenzako wa ng'ambo ameandika "ndiyo" kwenye kumbukumbu za kikao. Jifunze kusema hapana, na utaje sababu. Wageni wakitaka kufanya utafiti Tanzania bara wanahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, Kenya ni tume yao iitwayo NACOSTI, na Zanzibar ina utaratibu wake. Wakumbushe mapema, maana boti ikishakodiwa ndipo kila mtu hukumbuka karatasi.

Katika mradi mmoja, sitasema upi, tulisafirisha sampuli zote, kila chupa. Mashine ya kule ilikuwa na foleni. Miezi ikapita, mwanafunzi wetu wa uzamili akakaa na tasnifu yenye sura tatu. Majibu yalipokuja yalikuwa jedwali la asilimia, bila vipimo ghafi, kwa hiyo hata kuyakagua hatukuweza. Tangu hapo nagawa kila sampuli mara mbili, nusu inabaki kwenye friji letu. Na kabla ya safari iandikwe nani atashika data ghafi, nani atakuwa mwandishi wa kwanza, nani atafundishwa kutumia mashine. Kwa mchujo wa awali hapa nyumbani kuna rangi ya Nile Red, inayojishikiza kwenye plastiki. Ukimulika kwa taa ya bluu na kutazama kupitia kioo cha rangi ya chungwa, plastiki nyingi zinang'aa. Mafuta ya samaki nayo yanang'aa, kwa hiyo usiitumie badala ya infraredi.

Teknolojia za kijani ndizo zitakazokuvuta, najua. Zilinivuta mimi pia. Watafiti wa Brazil wameonyesha kwamba dondoo la mbegu za mlonge linanasa vipande vya plastiki majini kwa kiwango kinachokaribiana na shabu ya viwandani. Huko Texas wamejaribu bamia na uwatu. Mwanzoni nilicheka, kisha nikamkumbuka bibi aliyekuwa anatia mlonge kwenye mtungi wa maji ya mtoni. Protini za mbegu hizo zina chaji chanya, chembe za uchafu nyingi zina chaji hasi, zinashikana, zinakuwa mabonge, zinatuama. Hapa ndipo unapoweza kuja mezani na swali lako badala ya kusubiri la mfadhili: mbegu tunazo, maji machafu tunayo. Ila mlonge ukizidi unaacha mabaki yanayooza, maji yakilala siku mbili yananuka, na katika mapendekezo ya miradi sijaona sentensi hiyo mara nyingi.

Halafu kuna ndoo tunamosafishia maji kwa mlonge. Siku ya maonyesho maji ya juu yanameremeta, mgeni rasmi anapiga makofi, picha zinapigwa. Plastiki yote ipo chini, kwenye tope. Mitambo mikubwa ya majitaka nayo iko vivyo hivyo: inanasa sehemu kubwa ya plastiki, kisha mara nyingi tope linapelekwa shambani kama mbolea. Kwenye bajeti yetu ya kwanza tope halikuwa na hata mstari mmoja. Mpaka leo tunabishana na wabia nani atalipia kulishughulikia, na ndoo zenyewe ziko stoo, zimefunikwa, zimeandikwa tarehe kwa kalamu ya risasi. Ukija kuripoti kazini, nitakupeleka huko kwanza, halafu maabara.