Kukaa au Kusimama: Fundi Cherehani Auliza

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Mimi ni fundi cherehani na hukaa kwenye kigoda kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na sasa kiuno kinaniuma. Nilitaka kuinua meza ili nishone nikiwa nimesimama, lakini dada yangu, muuzaji wa duka la nguo, husimama kutwa na jioni miguu yake huvimba. Ni nani kati yetu anayejiumiza zaidi?
Fundi, Morogoro

JIBU: Ndugu Fundi, nyote wawili mnaumizwa na kubaki katika hali moja kwa saa nyingi. Damu ya miguuni hupanda kurudi moyoni ikisukumwa na misuli ya vigimbi inapokaza na kulegea. Kwa mtu aliyesimama tuli, misuli hiyo husukuma kidogo sana, damu hutuama na maji huvuja kutoka mishipani. Mwambie dada yako abonyeze kidole gumba juu ya kifundo cha mguu jioni: kishimo kikibaki, ndiyo maji hayo. Kwako wewe, misuli mikubwa ya mapaja hulala, sukari ya damu hutumika kidogo, na mgongo ulioinamia sindano huelemea pingili za kiuno.

Mwaka 1953, mtafiti wa Uingereza Jerry Morris na wenzake walionyesha kwamba madereva wa mabasi ya ghorofa ya London walipata ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta wao. Wengi husema huo ni ushahidi wa kusimama, nami sikubaliani nao, kwa sababu kondakta alikuwa akipanda na kushuka ngazi siku nzima.

Kwa hiyo usiinue meza. Kazi yako tayari ina dawa, kwani kukata na kupiga pasi hufanywa kwa kusimama. Mafundi wengi hukata vitambaa vyote asubuhi, kisha hushona hadi jioni. Wewe kata gauni moja, lishone, lipige pasi, ndipo ushike jingine. Kigoda nacho kibadilishe kwa kiti chenye egemeo. Dada yako naye atafute stuli, na asipokuwa na mteja atembee dukani au ainue visigino mara kadhaa.

Mguu mmoja tu ukivimba ghafla na kuuma, aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa huenda damu imeganda ndani ya mshipa.