Mdhamini akianguka, wewe unabaki na nini?

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, kupata kazi kwanza na mwajiri akakudhamini ndiyo njia salama zaidi ya kuhamia ughaibuni?", nimelisoma asubuhi nikifungua saiba yangu, duka la intaneti na fotokopi, hapa Changamwe, Mombasa, na sikuweza kulipita. Jibu langu ni hapana. Njia hiyo ni halali, na uhalali ni jambo kubwa. Lakini halali na salama ni mambo mawili, na nyinyi mmeyafanya moja.

Sitazungumzia wanaopita jangwani, wala wanaoingia kwa visa ya matembezi wakapotelea mjini. Hao wameandikwa sana. Nataka kumzungumzia aliyefuata sheria kuanzia fomu ya kwanza mpaka ya mwisho, akalipa kodi, akafanya zamu za usiku bila kulalamika, kisha akaambiwa visa yake inakatwa kwa kosa la mtu mwingine.

Sisi wa Pwani hatuhitaji kufundishwa habari ya kuishi nchi ya watu chini ya jina la mwajiri. Hakuna mtaa hapa usio na mama au dada aliyewahi kufanya kazi Jeddah au Riyadh chini ya kafili, yaani mwajiri anayemdhamini mfanyakazi na kushika ruhusa yake ya kukaa nchini, na tunajua wangapi walirudi hawataki hata kuulizwa. Najua sheria za huko zimeguswaguswa. Qatar iliondoa sharti la kupata ruhusa ya mwajiri wa zamani kabla ya kubadilisha kazi mwaka 2020. Saudi Arabia ililegeza kamba Machi 2021, ila wafanyakazi wa majumbani, yaani dada zetu hao hao, wakaachwa nje ya mabadiliko hayo. Kinachonikera ni kwamba mtu akisikia Uingereza anadhani habari za kafili zimeishia Ghuba. Uingereza unaruhusiwa kubadilisha mwajiri, hilo nakubali. Lakini visa ya kazi imefungwa kwa mwajiri mmoja na kazi moja, na mwajiri huyo akinyang'anywa leseni ya kudhamini, visa yako inamfuata.

Mdogo wangu wa kike alikwenda mwanzoni mwa 2023 kutunza wazee. Mlango huo ulikuwa umefunguliwa Februari 2022, serikali ya kule ilipowaweka watunzaji kwenye orodha ya kazi zenye upungufu wa watu. Aliomba kazi mwenyewe, moja kwa moja kwa kampuni, akahojiwa kwa video hapa hapa saibani kwangu huku nimewazuia wateja wa fotokopi wasipige kelele. Mtihani wa Kiingereza alifanya, kipimo cha kifua kikuu alikifuata Nairobi, cheti cha polisi akakichukulia alama za vidole. Gharama tulizikopa kwenye Sacco yangu, chama chetu cha akiba na mikopo. Hakumlipa wakala yeyote hata senti. Cheti cha udhamini, kwa wasiokijua, si karatasi ya kuning'iniza ukutani. Ni namba tu kwenye mfumo wa serikali ya Uingereza, na mwaka ule mwajiri alikuwa akiilipia pauni 199, ambazo hazikufika shilingi elfu arobaini. Siku hizo hizo walikuwa wakinijia watu na risiti za mawakala za laki sita, laki nane, kwa namba hiyo hiyo. Nilikuwa nikiwaskania risiti hizo roho inaniuma.

Basi yeye alifanya sawasawa. Katikati ya 2024, usiku, nikiwa nahesabu mauzo ya siku, akanipigia simu ya video. Alikuwa bado na sare ya kazi. Akaisimamisha simu juu ya meza ya jikoni, akafungua barua ya Wizara ya Mambo ya Ndani, akanisomea yote bila kuruka neno. Kampuni yake imefutiwa leseni. Ana siku 60 za kupata mdhamini mwingine na kupeleka ombi jipya, la sivyo aondoke nchini. Kampuni ilikuwa imeleta watu wengi kuliko saa za kazi ilizokuwa nazo. Baadaye ndipo tulijua kwamba wenzake aliokaa nao nyumba moja walikuwa wamelipia nafasi zao kwa mawakala, wengine zamu mbili tu kwa wiki. Yeye ambaye hakutoa chochote akatumbukizwa shimo moja na wao.

Nikamwambia rudi nyumbani. Akakataa, na sababu yake ilikuwa nzito. Mwanawe wa miaka sita alikuwa kwa mama yetu. Kuanzia tarehe 11 Machi 2024 mtunzaji anayeomba upya haruhusiwi kupeleka mtoto wala mume. Waliokuwa ndani ya visa hiyo kabla ya tarehe ile hawakuguswa, hata wakibadilisha mwajiri. Akitoka, anakuwa mwombaji mpya na mtoto anabaki Mombasa. Akipata mdhamini mwingine bila kukatiza, haki ya mtoto inabaki. Kwa hiyo hakuwa anapigania mshahara pekee.

Orodha ya wadhamini wenye leseni iko kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza na mtu yeyote anaipakua bure. Ni jedwali refu ajabu, maelfu kwa maelfu ya makampuni: jina, mji, daraja la leseni, aina ya visa. Haina namba ya simu, haina barua pepe. Nikifunga saiba jioni nilikuwa nalifungua jedwali hilo, nachuja kwa mji, naondoa mahoteli, maduka na mahekalu, nabakiza yanayohusika na wazee, kisha natafuta kila moja kwa mkono. Niliongeza safu mbili zangu pembeni, ya simu na ya waliojibu. Safu ya waliojibu ilikaa tupu muda mrefu. Mchana yeye alikuwa anapiga simu kwenye namba nilizompa, na usiku ananiletea habari.

Wengi waliuliza swali moja kabla ya lolote: unaendesha gari? Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya kuzunguka majumbani kwa wazee, na aliendesha kwa leseni ya Kenya. Lakini leseni yetu inakubalika kule kwa miezi 12 tu tangu uanze kuishi, na miezi hiyo ilikuwa imepita. Kazi zote za kuzunguka zikafutika kwenye jedwali kwa mpigo, yakabaki makao ya wazee, ambako mtumishi anashinda mahali pamoja. Mwingine alijibu upesi na kwa ukarimu, Mkenya mwenzetu, Kiswahili chake safi kabisa, mwishoni akataka pauni 5,000 "za makaratasi". Mdogo wangu alikata simu. Aliponieleza alikuwa analia kwa hasira, maana kwa nusu dakika alikuwa ameamini kwamba mambo yameisha.

Kisha likaja suala la barua ya sifa. Kila mwajiri mpya anataka neno kutoka kwa mwajiri wa zamani, na ofisi ya wa zamani ilikuwa imefungwa, simu inaita hadi inakatika. Aliyemwokoa hapo ni binti wa mzee mmoja aliyekuwa akimhudumia. Mama yule aliandika ukurasa mzima: jinsi mdogo wangu alivyokuwa akimwogesha baba yake bila kumvunjia heshima, jinsi alivyogundua mapema kidonda mgongoni, jinsi alivyomzoesha kula tena. Akaweka anwani yake na simu yake, akasema aulizwe saa yoyote. Barua hiyo niliichapa nikamsomea mama yetu, akaomba nimwachie.

Kitu cha pili ni slipu za mshahara. Alikuwa anapiga picha kila slipu na kila ratiba ya zamu tangu mwezi wa kwanza, ananitumia mimi nahifadhi. Makao yaliyomchukua mwishowe, kaunti nyingine kabisa, yaliomba hizo kabla ya kumwita kwenye mahojiano. Waliona saa alizofanya, kodi aliyokatwa, majina ya zamu. Ombi jipya likapelekwa siku zikiwa zimebaki chache. Hata hapo hakuruhusiwa kuanza kazi mpaka visa mpya itoke, kwa hiyo miezi hiyo pesa zilisafiri kinyume: tulikuwa tunatuma shilingi kutoka Changamwe kwenda Uingereza kulipa kodi ya chumba. Mama alikuwa akipita sokoni watu wanampongeza kwa kuwa na mtoto majuu, naye anaitikia ahsante huku mkopo wa Sacco nalipa mimi. Mmoja wa waliokaa naye nyumba moja alirudi Kakamega na deni la wakala ambalo hajalilipa hata nusu.

Hakuwa peke yake. Serikali ya Uingereza yenyewe ilitangaza kwamba kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 ilifuta leseni zaidi ya 470 za wadhamini katika sekta ya utunzaji, na wafanyakazi waliohusishwa na makampuni hayo walizidi 39,000. Kila mmoja wao alipata kazi kwanza. Kila mmoja alidhaminiwa. Aprili 2025 ndipo ikawekwa sheria kwamba mwajiri wa England, kabla hajaleta mtunzaji kutoka nje, ajaribu kwanza kuwachukua walioachwa na wadhamini wao. Imewafaa waliokuja baadaye, lakini huyu wetu alikuwa ameshapita moto huo kwa miguu yake.

Nilikaa kuandika nikitaka kumaliza hapo: kwamba udhamini ni kamba shingoni na vijana wauogope. Lakini nikiyapanga haya kwa maandishi naona jambo ambalo kwa hasira nilikuwa silitazami. Kila kilichomwokoa kilitoka kwenye uhalali wake. Zile siku 60, hata kama ni chache za kikatili, alipewa kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye kumbukumbu. Slipu zilikuwa na thamani kwa kuwa kazi ilikuwa imeandikishwa. Yule mama aliweza kuandika barua na kuweka simu yake kwa sababu hakuwa anamficha mtu. Yupo kijana wa mtaa wetu aliyeingia nchi nyingine ya Ulaya kwa visa ya matembezi miaka mingi iliyopita. Anafanya kazi, anatuma pesa. Baba yake alipofariki alilia kwenye simu, sisi tukazika. Mdogo wangu Desemba iliyopita alikuja na tiketi ya kurudi na akaondoka na mwanawe, mkono kwa mkono, kupitia dirisha la uhamiaji.

Wengine watasema ziko njia za kwenda bila kumtegemea mwajiri mmoja. Ni kweli, tangu Juni 2024 Ujerumani ina kadi ya fursa: mwenye ujuzi anaingia kwa mwaka mmoja akatafute kazi huko huko. Lakini lazima aoneshe pesa za kujikimu, zaidi ya yuro 1,000 kwa kila mwezi. Mtoto wa nani hapa Changamwe anazo? Kwa watu wetu wengi, mwajiri ndiye anayefungua mlango, tupende tusipende.

Mpwa wa mke wangu anasomea uuguzi KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, na mwezi uliopita aliniuliza swali lenu hili hili. Nikamwambia aende kwa kazi iliyodhaminiwa. Najua nimeanza barua hii kwa hapana, na sifuti. Nilimwambia hivyo kwa sababu uuguzi ni wake. Akishasajiliwa na baraza la wauguzi la kule, mdhamini mmoja akianguka wapo wengine watakaomtaka. Mtunzaji wa wazee England hana usajili wa namna hiyo wa kushika mkononi, na mdogo wangu angekuwa nao asingelala macho usiku wote ule. Nikamwekea na masharti: asilipe mtu kwa ajili ya namba ya udhamini, alitafute jina la mwajiri kwenye orodha yeye mwenyewe, wakala yeyote wa hapa amwangalie kwanza kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, shamba la babu lisiguswe, na kabla hajapanda ndege awe na akiba ya nauli ya kurudi ambayo hata mama yake haijui. Nikamwambia pia asijenge hesabu zake juu ya ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitano, kwa sababu Mei 2025 serikali ya kule ilitangaza nia ya kuifanya kumi.

Mhariri, naomba moja. Tangu 22 Julai 2025 Uingereza haipokei tena maombi mapya ya watunzaji wa wazee kutoka nje. Wauguzi bado, watunzaji hapana. Wiki hii peke yake nimeletewa saibani matangazo ya kazi hizo, yana bendera na nembo, yanadai "ada ya usajili". Mmoja aliyeniletea alikuwa ameshalipa nusu. Chapisheni hilo kwa herufi kubwa kuliko jibu langu.