Al-Adl kwa asiyekuwa kadhi

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Umeuliza utaliishije jina la Mwenyezi Mungu la Al-Adl, yaani Mwadilifu, na wewe si kadhi wala kiongozi.

Anzia kwa wanao. Sahaba Bashir alimpa mwanawe Nu'man zawadi, akamwendea Mtume (s.a.w.) awe shahidi. Mtume akamuuliza: wenzake nao umewapa mfano wake? Aliposema hapana, akaambiwa amche Mwenyezi Mungu na afanye uadilifu baina ya watoto wake. Bashir akarudi, akaichukua ile zawadi. Basi kama umeshampendelea mmoja, wape na wenzake au uirudishe. Matibabu ya mtoto mgonjwa hayamo humo. Huyo anapewa kwa haja yake.

Ujira wa mfanyakazi hauna maelezo marefu: mlipe kwa wakati, kama mlivyokubaliana.

Pagumu, kwa maoni yangu, ni kwa usiyempenda. Surat al-Maida, aya ya 8, inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Shemeji mnayenuniana akisingiziwa mbele yako na ukweli unaujua, moyo utafurahi kidogo (tusidanganyane). Hata hivyo mtetee, tena palepale mbele ya waliosikia, si kesho faraghani.