Mnyororo wa methodi unapokatika

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeandika klasi (kiolezo cha kuundia objekti) ya kutuma barua pepe kwa PHP, lugha ya kuandikia programu. Nikiziita methodi zake (kazi zilizoandikwa ndani yake) mojamoja, kila moja katika mstari wake, zinafanya kazi vizuri. Lakini nikiandika $barua->wekaMpokeaji($anwani)->wekaSomo($somo)->tuma(), programu inakatika kwa kosa linalosema kwamba wekaSomo() imeitwa juu ya null, yaani thamani tupu. Tatizo liko wapi?

JIBU: Mstari ulioutaja hauna kasoro, kasoro imo ndani ya klasi yenyewe. Alama ya mshale haikumbuki objekti (kitu kilichoundwa kutokana na klasi) uliyoanza nayo, bali hufanya kazi juu ya thamani iliyorejeshwa na mwito uliotangulia, iwayo yote. Methodi yako ya wekaMpokeaji() bila shaka huhifadhi anwani na kuishia hapo, na katika PHP methodi isiyorejesha chochote hutoa null, ambayo haina methodi ya kuitwa. Malizia kila methodi ya kuweka thamani kwa return $this, yaani irejeshe objekti yenyewe, na mnyororo utashika. Methodi ya tuma(), kwa kuwa ni ya mwisho, haina haja ya kufanya hivyo. Ni afadhali irejeshe jibu la kuonyesha kama kutuma kumefaulu.

Mtindo huu wa kuunganisha miito umewezekana tangu PHP 5 ya mwaka 2004, na kwa upande wa JavaScript ulienezwa sana na jQuery, maktaba ya lugha hiyo, kuanzia 2006.

Kumbuka, hata hivyo, kwamba $this ni objekti ileile, wala si nakala yake. Ukiwa na $leo ya klasi ya DateTime, inayoshughulikia tarehe na saa, kisha ukaandika $mwisho = $leo->add($muda), tarehe iliyomo katika $leo nayo imebadilika, jambo ambalo huzaa makosa magumu kuyagundua. Klasi ya DateTimeImmutable, kinyume chake, hurejesha objekti mpya na kuiacha ya kwanza ilivyo. Hapo sharti uipokee hiyo mpya, la sivyo hesabu yako imepotea bure.

Huenda ukashauriwa utumie mshale wenye alama ya kuuliza, ?->, uliokuja na PHP 8.0. Unafaa pale ambapo null ni jibu halali, kwa mfano mtumiaji asiye na anwani. Kwako wewe ungelificha kosa tu: wekaSomo() na tuma() zingerukwa kimyakimya, barua isitumwe, na programu iendelee kana kwamba imetumwa.